Pimeni mlango wa choo kabla ya kulipa kodi ya mwaka

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wazazi wenye watoto wanaougua maradhi ya kudhoofika misuli, hasa yale yaitwayo Duchenne, kuhusu kutafuta nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam. Wa Mwanza na Tanga watapunguza na kuongeza kulingana na vilima vyao.

Kosa linalojirudia ni kuchagua nyumba kwa kumtazama mtoto alivyo leo. Mtoto ana miaka saba. Anatembea, ingawa kwa ncha za vidole, na vigimbi vyake vimejaa kama vya mcheza mpira. Ngazi tatu za kibarazani anazipanda kwa kushika ukuta, na mzazi anaona nyumba inatosha. Ugonjwa huu hausimami lakini. Wengi huacha kutembea kati ya miaka 8 na 14. Walioanzishiwa dawa ya prednisolone mapema huchelewa kidogo. Baada ya miguu hufuata mabega na mikono, na ujanani huja shida ya kupumua usiku na ya moyo. Kwa hiyo nyumba ya huyu wa miaka saba itafutwe kwa vipimo vya kijana wa miaka kumi na minne aliye kwenye kitimwendo, tena kirefu kuliko vile vinavyoonekana hospitalini, kwa kuwa kwa wakati huo atahitaji kiti chenye mgongo unaolala na sehemu ya kuegemeza kichwa.

Tena msisahau wadogo zake. Kasoro ya vinasaba inayoleta ugonjwa huu hubebwa na kromosomu ya X, ambayo mvulana anayo moja tu, ndiyo maana karibu wagonjwa wote ni wavulana. Kama mama anaibeba, kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu kuupata. Familia yenye mdogo wa kiume ambaye hajapimwa ipange nyumba kwa kukumbuka kwamba huenda siku moja vitaingia vitimwendo viwili, na viwili havipishani kwenye korido ya sm 90.

Tuanze nje, kwenye geti, maana dalali huanza na sebule. Mageti mengi yana mlango mdogo wa kupitia watu, na huo mlango mdogo una kizingiti cha chuma cha sm 20 au zaidi, na upana wake ni wa mtu anayeingia ubavu. Kitimwendo hakipiti hapo. Ulizeni kama geti kubwa hufunguliwa kila siku na funguo anakaa nazo nani. Kwenye nyumba ya wapangaji watano, geti kubwa likifungwa kwa kufuli ya mwenye nyumba anayekaa Morogoro, mtoto amefungiwa ndani. Mtaro wa mbele ya geti nao una mfuniko wa nondo. Kama nondo zimelala sambamba na njia, gurudumu dogo la mbele linazama katikati na kiti kinapinduka. Nondo zikatize njia, na nafasi kati yao isizidi sm 1.3.

Kuhusu eneo, Kimara na Mbezi zina vilima, na mwenye kitimwendo huko anategemea gari au bajaji kwa kila safari. Sinza ni tambarare na imepimwa viwanja. Kigamboni ni tambarare vilevile, ila mchanga wake hula magurudumu madogo ya mbele; anayekwenda kuishi huko atafute kiti chenye magurudumu ya mbele yenye kipenyo kisichopungua sm 20 na mapana, la sivyo mtoto atasukumwa kinyumenyume maisha yake yote. Mabonde tunayoyajua wote yanajaa maji, na kijana asiyeweza kujigeuza kitandani hawezi kukimbia mafuriko usiku. Lakini angalieni na upande wa pili: nyumba iliyokwepa maji kwa kuinuliwa msingi ndiyo hiyohiyo yenye ngazi nne mlangoni.

Ngazi zihesabiwe na zipimwe, kwa sababu urefu wa mteremko, ambao mafundi wengi huuita slopu, unatokana nazo. Kanuni ni 1 kwa 12: kila sm 1 ya kupanda inataka sm 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sm 15 ni sm 45, kwa hiyo slopu ni mita 5.4, na juu kabisa mbele ya mlango pawepo pakavu tambarare pa mita 1.5 ili anayesukuma aweze kusimama na kufungua mlango bila kiti kurudi nyuma. Viwanja vingi havina mita hizo mbele ya kibaraza. Hapo slopu inakunjwa mara mbili na kona ya mita 1.5 kwa 1.5, au inazungushwa ubavuni mwa nyumba hadi mlango wa jikoni, ambao mara nyingi una ngazi pungufu. Fundi atakwambia "tuifupishe tu, wewe si una nguvu?" Mkatalie. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 6, mama anayesukuma kijana wa kilo 50 na kiti cha kilo 20 atashindwa siku ya mvua, na kiti cha umeme kinaweza kupinduka chali. Wala wazo la "tutambeba na kiti chake" halina maisha marefu. Kitimwendo cha umeme peke yake huweza kuwa na kilo 80 na kuendelea, bila mtu.

Slopu ya mita 5.4 yenye upana wa mita 1.2 haijazwi zege tupu. Jengeni kuta mbili za tofali pembeni, jazeni kifusi mkishindilia kila sm 15, kisha zege la sm 10 juu, kwa kipimo cha 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Hiyo ni kama mita za ujazo 0.65, mifuko 4 ya saruji ya kilo 50, na mingine miwili kwa tofali za pembeni na lipu. Kinachoharibu kazi hii ni haraka. Kifusi kisiposhindiliwa, zege linakatika katikati kabla ya mwaka. Kabla zege halijakauka, lipigwe ufagio mgumu kwa kukatisha njia ili lipate mikwaruzo. Marumaru zinazong'aa zisifike hapo kabisa, hata mwenye nyumba akizitoa bure. Kingo za pembeni ziinuke sm 7 hadi 10, gurudumu lisichepuke. Mwagieni maji siku saba.

Mwenye nyumba akikataa zege, chuma kinahamishika. Kwa ngazi moja ya sm 15, slopu ya mita 1.8 ya bati nene lenye vinundu juu ya fremu ya chuma inatosha, na siku ya kuhama mnaondoka nayo. Bati hilo likilowa huteleza pamoja na vinundu vyake. Lipakwe rangi iliyonyunyiziwa mchanga mkavu ikiwa bado mbichi. Mbao tunazikwepa. Mchwa watazila kwa chini na juu zitabaki zinapendeza, hadi siku zitakapovunjika.

Sasa milango, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mtu akiambiwa "mlango wa sentimita 90", anadhani nafasi ya kupita ni 90. Siyo. Tisini ni tundu la ukuta. Ondoa fremu ya mbao, sm 5 kila upande, kisha ondoa unene wa mlango wenyewe unaobaki umesimama kwenye bawaba ukifunguliwa. Mnabaki na kama sm 77. Hizo zinatosha. Mlango wa choo na bafu, ambao kwa desturi hujengwa kwa tundu la sm 70 au 75, unabaki na sm 57 hadi 62, na kitimwendo cha kijana kina sm 60 hadi 68 kutoka gurudumu hadi gurudumu, bado vifundo vya vidole vya anayejisukuma. Ndiyo maana tunasema utepe wa kupimia uanzie chooni. Choo kikikataa, hakuna haja ya kwenda kuona sebule.

Mlango ukikosa sm 3 au 4, ung'oeni ubao wa mlango na wekeni pazia zito. Hiyo inawarudishia unene wote wa mlango kwa gharama ya pazia. Ukikosa zaidi ya sm 10, ni kuvunja ukuta na kuweka fremu mpya, na kazi hiyo ifanyike baada ya kuangalia linta, ile boriti ya zege iliyo juu ya mlango: kama linta haizidi tundu jipya kwa sm 15 kila upande, inabidi imwagwe nyingine. Fundi asiyeiangalia linta atawaachia ufa wa pembe kwa pembe juu ya mlango, na mwenye nyumba atakuwa na haki ya kukasirika.

Upana wa mlango peke yake haumalizi hesabu. Kiti kikitoka kwenye korido nyembamba na kulazimika kukata kona kuingia chumbani, miguu iliyo mbele inagonga ukuta kabla magurudumu ya nyuma hayajafika mlangoni. Njia rahisi ya kujua ni boksi. Kateni boksi la jokofu kipande cha sm 70 kwa 120, nendeni nalo mnapooneshwa nyumba, mliteleze sakafuni kutoka mlango wa mbele hadi chumba cha mtoto, kisha hadi chooni, bila kulikunja na bila kulinyanyua. Linapokwama, kiti kitakwama. Dalali atacheka, acheni acheke. Kwa chumba, chukueni kamba ya sm 75, mmoja ashike ncha moja katikati na mwingine azunguke na chaki: hilo duara la mita 1.5 ndilo ambalo kiti kinalihitaji ili kugeuka, na lisiwe na kitanda wala kabati ndani yake.

Choo chenyewe. Choo cha kuchuchumaa kifutwe kwenye orodha mapema sana, hata kama mtoto bado anakimbia uani. Kunyanyuka kutoka chini ni miongoni mwa mambo ya kwanza ugonjwa huu unayochukua. Mtoto huinuka kwa kupanda mapaja yake kwa mikono, na juu ya sakafu yenye maji ataanguka. Anguko moja likivunja mguu, wiki kadhaa za plasta zinatosha kumaliza kutembea kwake, na wanaotumia prednisolone muda mrefu mifupa yao ni dhaifu zaidi.

Kwenye choo cha kukaa kuna mtego mwingine. Mtoto anayetembea anasaidiwa na kiti cha juu, sm 45 au zaidi, kwa hiyo fundi anajenga jukwaa la zege chini ya sinki la choo. Miaka mitatu baadaye mtoto anahitaji kiti cha kuogea chenye tundu na magurudumu, kile kinachorudishwa nyuma hadi kikasimama juu ya choo, na hakiingii, kwa sababu choo sasa kimekuwa kirefu kuliko uvungu wa kiti. Zege linavunjwa. Jukwaa lisijengwe, wekeni kiti cha kuongezea kinachotolewa, au hata boksi imara la mbao lenye tundu, na siku yake ikipita kiondolewe. Vyuma vya kushikilia ukutani navyo vina umri mfupi, kwani mikono inayovishika itachoka baada ya miguu. Viwili imara karibu na choo vinatosha, msitie pesa ya korido nzima.

Ukubwa wa bafu lenyewe: choo, kiti, na mtu wa kumsaidia hawakai ndani ya mita 1.2 kwa 2.4, ambayo ndiyo bafu la chumba cha masta la nyumba nyingi. Bora nyumba za zamani kidogo ambazo choo na bafu ni vyumba viwili vilivyopakana, kila kimoja kama sm 90. Ukuta wa katikati ukiondolewa, mnapata karibu sm 195 kwa upana na mlango mmoja unazibwa. Kabla ya nyundo, pandeni juu ya dari muangalie kama kenchi, ile fremu inayobeba paa, au boriti imekaa juu ya ukuta huo, na muulize bomba la maji limepita wapi. Kama ni ukuta wa tofali nyembamba uliosimama peke yake, ni kazi ya siku moja na vumbi lake.

Sakafu ya bafu hushushwa sm 5 hadi 10, au huwekewa kizingiti, maji yasitoke. Kizingiti hicho ndicho kinachowashinda watu waliokwisha kujenga slopu nzuri nje. Kiondoeni, kisha sakafu yote iinamishwe kuelekea tundu la maji, sm 2 kwa kila mita 1, ikianza kuinama mlangoni. Kama bafu limeshushwa sm 5, kabari ya sm 60 inamaliza tatizo. Fundi asipotumia pima maji hapa, kile kifaa cha kuonesha mwinamo wa sakafu, maji yatarudi chumbani kila siku na lawama zitaenda kwa kuondoa kizingiti.

Chumbani, kitanda kiwe na uvungu wa sm 15 kwenda juu, wala kisiwe cha masanduku. Siku ikija winchi ya kunyanyulia, miguu yake inapita chini ya kitanda. Msimnyanyue kijana huyu kwa kumshika kwapani, mabega hayana nguvu ya kujikaza na atachomoka mikononi kama samaki. Winchi hiyo isining'inizwe kwenye kenchi za mbao, sembuse kwenye dari ya jipsamu. Itafutwe inayosimama sakafuni kwa fremu yake. Chandarua cha mstatili chenye fremu ni bora kuliko cha duara, kwa kuwa usiku mtamgeuza mara kadhaa na cha duara kitawavuruga kila mara. Kwa sababu hiyohiyo chumba chake kipakane na cha wazazi. Swichi ya taa iwe sm 90 hadi 100 kutoka sakafuni, isiyo ya kubonyeza kwa nguvu.

Umeme huulizwa mwisho, wakati ungeulizwa mapema. Mashine ya kusaidia kupumua usiku, bila sehemu yake ya kupasha maji, hula wati 30 hadi 60. Kwa saa tisa ni wati-saa 270 hadi 540. Betri ya volti 12 ya ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ile ya maji ya asidi mkitaka idumu msiitumie zaidi ya nusu, na inveta nayo inakula chake. Betri moja basi ni usiku mmoja. Nyumba yenye luku moja ya wapangaji wote haifai kwa mtoto aliyefika hatua hiyo, maana uniti zikiisha saa nane usiku mtaanza kugongeana milango kuuliza zamu ni ya nani. Na ghorofa lenye lifti bila jenereta lihesabuni kama ghorofa lisilo na lifti.

Tumalizie na dalali na mkataba. Msimwambie dalali mnatafuta "nyumba ya mgonjwa". Atawapeleka kwenye chumba kilicho karibu na hospitali, hata kama kiko ghorofa ya tatu, na baadhi ya wenye nyumba watafunga mlango kwa imani zao kuhusu maradhi ya aina hii. Mpeni vipimo: ngazi zisizozidi mbili, mlango wa choo usiopungua tundu la sm 80, choo cha kukaa ndani, geti kubwa linalofunguka. Mwambieni atume picha ya mlango wa choo ukiwa na utepe juu yake kabla hamjalipa hela ya kuoneshwa. Asiyeweza kupiga picha hiyo hajafika kwenye nyumba anayoiuza kwa maneno.

Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo anawapa nafasi ya kujadiliana, kwa sababu siku hiyo ndiyo siku pekee mtakayokuwa na nguvu. Kabla pesa haijahama, mkataba uandike nini kitabadilishwa, nani analipa, kama gharama itakatwa kwenye kodi au la, na wakati wa kuhama kipi kinabaki na kipi kinarudishwa kilivyokuwa. Piga picha za kabla, mashahidi wasaini, nakala ipelekwe serikali ya mtaa. Ruhusa ya mdomo hufa siku nyumba inaporithiwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia kufikika kwa majengo yanayotumiwa na umma. Nyumba ya kupanga ya mtu binafsi kule Tabata hakuna anayekwenda kuipima, na hatutegemei atatokea hivi karibuni. Lakini aliye kwenye msingi sasa hivi, anayejenga ili apangishe, tundu la mlango wa choo la sm 90 badala ya 70 linamgharimu ubao mpana kidogo wa mlango na linampunguzia tofali kadhaa.

Na wewe, Ndugu Mhariri, una matangazo ya nyumba za kupanga kwenye kurasa za nyuma. Tunaomba fomu yako ya tangazo iongezewe nafasi tatu: idadi ya ngazi, upana wa mlango wa choo, geti. Tangazo lingesomeka hivi: "Sinza, vyumba viwili na sebule, luku yake, ngazi 1, mlango wa choo sm 80, geti kubwa linafunguka."

Fundi ujenzi na mtoa tiba kwa vitendo,
Dar es Salaam